Takia la Barafu

Siku Bi Badria wa Bondeni alipokuja kunitazama kama nafaa kuolewa na mwanawe, shangazi yangu alinipika kwanza.

Sisemi kwa mafumbo. Alichemsha sufuria nzima ya mrehani, mchaichai na mwarobaini, akaiingiza katika kile chumba chetu cha ndani kisicho na dirisha, akanikalisha juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, akanigubika mablanketi mawili ya sufi, kisha akakaa mlangoni na tasbihi yake. Na ilikuwa kaskazi, ile miezi ambayo Mji wa Kale mawe yenyewe ya ukuta hutoka jasho na paka huhamia mitaroni.

"Shangazi, nakufa humu!"

"Hufi. Ni baridi hiyo inatoka."

"Sina baridi, Shangazi Tumu. Mimi ni nasi, nisikilize."

"U nasi huko hospitali. Hapa u mtoto wa ndugu yangu. Mguu unaoburuzika ni baridi yabisi, na dawa ya baridi ni moto, hilo hata kuku wajua. Nyamaza utoke jasho. Bi Badria yuwaja baada ya alasiri, nami sitaki akuone wachechemea."

Nilikuwa na jibu, tena jibu kali, lakini ulimi ulikuwa umekwisha kuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nikajaribu kuinuka. Miguu haikuwepo. Nilikuwa naiona pale chini, miguu yangu mwenyewe, na hina niliyopakwa jana yake, lakini ilikuwa kama miguu ya jirani.

Nieleze, maana jambo hili watu wengi wamelieleza kwa niaba yangu na wote wamekosea.

Miaka miwili kabla ya siku hiyo jicho langu la kulia liliingia ukungu, likakaa hivyo mwezi mzima, kisha likafunguka lenyewe. Baadaye vidole vya mguu wa kushoto vikaanza kuacha kandambili njiani bila kuniambia. Daktari mmoja mgeni aliyepita hospitalini kwetu alinigonga magoti kwa kinyundo chake, akanitia ndani ya bafu la maji ya moto, akangoja. Nilipotolewa sikuweza kusimama. Akatikisa kichwa kwa furaha, kama mtu aliyetegua kitendawili, akanipa jina la Kizungu refu kama treni ya Nairobi. Nilimlazimisha anifasirie. Maana yake, alisema, ni makovu mengi. Makovu katika mishipa ya fahamu, mahali ambapo ngozi ya mshipa imeliwa, kama panya alavyo ganda la waya wa stima. Huja, huondoka, hurudi. Dawa hakuna. Akaniambia nijiepushe na joto.

Mombasa! Mwambie samaki ajiepushe na maji.

Sikulia mbele yake. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi wodini, kwani kulikuwa na mama mmoja wa kitanda cha dirishani aliyekuwa akingoja kugeuzwa, na vidonda vya mgongo havingoji nasi amalize kujihurumia.

Shangazi sikumwambia. Alinilea tangu mamangu alipofariki, na moyo wake naujua: ungevunjika, kisha angewaambia majirani. Kwa hiyo alipoona mguu unaburuzika aliupa jina analolijua yeye, baridi yabisi.

Nina kumbukumbu ndefu, wala siionei haya. Namkumbuka matroni aliyeniona nayumba mchana wa joto, akanisimamisha katikati ya wodi, wagonjwa wote wakitazama, akaniamuru nimpumulie usoni anuse kama nimekunywa tembo. Mimi, mjukuu wa mwalimu wa chuo cha Kurani! Namkumbuka karani aliyesema nasi kilema heri akae nyumbani ashone kofia. Nawakumbuka wanawake wa mtaani waliosema nani atamwoa yule, mshika uchi wa watu. Wote nimewaweka, kila mmoja na neno lake.

Na hasira ile ndiyo iliyonifundisha kazi upya. Kazi nzito nilizihamishia alfajiri, kabla jua halijapanda. Chini ya kofia ya kazi niliweka kitambaa cha maji. Nilikataa mtu mmoja kumwinua mgonjwa peke yake. Nikapiga kelele, nikaitwa mkorofi, mpaka ikawa desturi ya wodi yetu kuinua kwa watu wawili. Nikapigania benchi la kukunjia shuka, tukae badala ya kusimama kutwa. Wenzangu waliosema najidekeza ndio waliokuwa wa kwanza kulikalia.

Na mwanzoni mwa kaskazi ile ile ya kupikwa kwangu, Mungu akamleta Kamaludin.

Alikuwa akileta barafu kwa ajili ya wagonjwa wa homa. Mkokoteni wake ulipita Makadara asubuhi na mapema ukidondosha maji nyuma yake, hivyo ungeweza kumfuata hata ukiwa umefumba macho, kwa kukanyaga tu pale palipolowa. Bega la kulia amelitupia gunia, na unga wa msumeno wa kufunikia barafu umemganda kwenye nyusi. Siku hiyo alilitua jiwe la barafu ukumbini, akaenda kumtafuta mtu wa kulipokea. Aliporudi akanikuta nimelikalia.

Si kwa uchokozi. Miguu ilikuwa ikinidondoka, na kitu cha karibu kilikuwa hicho.

"Sista," alisema, "barafu hiyo nimeambiwa ni ya wagonjwa."

"Na mimi umeona nini?"

"Naona bibi amelikalia jiwe langu kama malkia."

"Basi lisubiri. Malkia hainuki mpaka apende."

Akacheka. Ana kicheko ambacho huanza machoni na kuchukua muda kufika mdomoni, na mimi niliyekuwa nimeapa kutomtazama mwanamume wodini, nilikingoja kifike. Kisha nikahisi kitu cha ajabu zaidi. Baridi ilipanda kutoka mapajani ikaingia mgongoni, na vidole vyangu vya mguu, kimoja kimoja, vikaitika. Nikasimama. Nikapiga hatua. Nikageuka nikamtazama, nafikiri kwa macho ya mtu aliyeona mwezi wa Idi.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Hakuna. Joto hunichosha."

"Mh," alisema, akanitazama miguu, akanitazama uso.

Lakini tangu siku hiyo kila jiwe lililoletwa wodini lilikuja na mtoto wake, kipande kilichofungwa ndani ya kitambaa safi, na kitambaa kile hakikuandikwa jina la mgonjwa yeyote. Nilikiweka shingoni, nikafanya kazi mpaka adhuhuri kama msichana wa miaka kumi na sita. Mwezi wa tatu aliniambia pale pale ukumbini, huku akikwangua unga wa msumeno kwenye jiwe ili asinitazame:

"Nikileta posa, shangazi yako atanipokea?"

"Shangazi atakupokea. Mimi ndiye wa kuogopwa. Siachi kazi, Kamalu."

"Nani amesema uache?"

"Mamako atasema."

Akaendelea kukwangua. Alikuwa akimjua mamake.

Na jina la ugonjwa sikumtajia. Nilijiambia kesho. Kila siku nilijiambia kesho.

* * *

Aliyenitoa kwenye blanketi ni Sidi, mwenzangu wa wodini, msichana wa Kigiriama mwenye mikono ya nguvu na mdomo wa nguvu zaidi. Alikuja kusaidia kuandaa wageni. Alipofunua blanketi, mvuke ukampiga usoni.

"He! Wewe Swabaha! Nani kakufanya muhogo?"

"Shangazi," nilisema, ikatoka kama "changaji".

"Simama."

"Siwezi."

Sidi alikuwa akijua. Yeye ndiye mtu pekee niliyemwambia, maana huwezi kumwinua mgonjwa pamoja na mtu kila siku kisha umfiche ni upande gani utakaoachia. Alinibeba mgongoni kama gunia la nazi akanitoa mpaka ukumbini, akanilaza kwenye mkeka. Sauti ya Bi Badria ilikwisha kusikika kichochoroni, ikiwaamkia watu wa kila mlango, na Shangazi alikuwa mbio kwenda kumpokea.

"Barafu," nilisema.

"Iliyopo ni ya sharbati. Kamalu kaileta mlangoni adhuhuri, kaitua kakimbia, maana si adabu mchumba kuonekana leo."

"Ilete."

"Yote?"

"Yote, Sidi!"

Alileta jiwe zima, limevikwa gunia lake. Akalitandikia leso mbili, nzuri, zile za kutokea, akanikalisha juu yake, akaniegemeza ukutani, akapachika kipande kingine nyuma ya shingo ndani ya ushungi. Ukitazama kutoka mlangoni ungeona mwari amekaa juu ya takia kwa heshima zake, macho chini. Usingeona kwamba mwari anatetemeka meno.

"Salaam aleikum wenye nyumba!"

Bi Badria aliingia. Alikuwa mwanamke mpana, mweupe wa uso, buibui jeusi la hariri, na jasho likimtiririka kama bomba bovu. Alifuatana na wanawake wawili wa kwao waliokuja kula halwa na kubeba habari. Desturi yataka mwari ainuke, abusu mkono wa mama mkwe, kisha azungushe kahawa ili watazame mwendo wake. Shangazi akanikonyeza. Mimi nikakaa.

"Aleikum salaam, Mama," nilisema. Ulimi angalau ulikuwa umerudi. "Masalkheri."

"Masalkheri." Alingoja niinuke. Akangoja tena. Wale wawili wakatazamana. "Kwenu watoto hawainuki, Bi Mwanatumu?"

"Haya yamemshika, Bi Badria," Shangazi akadakia. "Mtoto ana haya huyu!"

"Haya? Nasi wa hospitali?"

Akakaa mkabala nami, juu ya mkeka, kwa mshindo. Sharbati ya ukwaju ikaletwa. Akaonja. Akaiangalia bilauri kama mtu aliyetukanwa nayo.

"Ya moto," alisema. "Mwanangu auza barafu Mombasa nzima, mpaka hoteli za Wazungu, nami nakunywa sharbati ya moto kwa wakwe zangu?"

"Haiwezekani!" Shangazi akashtuka. "Sidi! Barafu iko wapi?"

Sidi akatazama dari. Dari letu lina boriti nzuri sana za mkoko, na Sidi alizihesabu zote.

Hapo ndipo nilipoliona. Kutoka chini ya leso zangu za kutokea ulimi mwembamba wa maji ulikuwa umechomoza, ukanyoosha kwenye sakafu, ukaingia chini ya mkeka. Ulikuwa ukienda polepole, kwa adabu, moja kwa moja kuelekea kwa mgeni wetu wa Bondeni. Mmoja wa wale wanawake naye aliuona. Akafuata kwa macho pale ulipotoka. Akanitazama. Akajifunika mdomo na kumsogelea mwenziwe sikioni.

Nikajua anasema nini. Ewe msomaji, wewe pia ungejua. Na nitakwambia kitu ambacho mpaka saa ile sikuwa nimemwambia mtu: ugonjwa huu huleta na aibu hiyo pia, siku nyingine, na ilikuwa imenifika mara moja kazini. Kwa hiyo minong'ono ile ilinichoma mahali pabichi. Machozi yakanijia. Nikafikiri, basi, yamekwisha, Kamalu ataambiwa mwari wako hajijui hata haja yake.

Kisha maji yakamfikia Bi Badria.

Aliruka. Mwanamke wa umbo lile, kuruka kwa makalio! Akapapasa chini yake, akatoa mkono umelowa, akauleta puani mbele ya watu wote, akaugusisha shavuni.

"Baridi," alisema polepole. Akagusa tena. "Hii ni barafu. Mimi mjane wa muuza barafu, mama wa muuza barafu, unga wa msumeno naujua kwa harufu. Mwari! Umekalia nini?"

Shangazi akafungua mdomo kusema uongo. Uongo mzuri, nina hakika, wa mapenzi. Nikamtangulia.

"Sharbati yako, Mama. Nimeikalia mimi."

Bi Badria akaufuta mkono kwenye buibui.

"Sikuinuka kwa sababu siwezi. Si haya. Mimi sina haya, muulize matroni wangu. Shangazi amenifukiza kwa moto, naye hana kosa, sikumwambia. Nina ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Ni makovu, hayaonekani. Joto likizidi miguu hulala, barafu huiamsha. Kuna siku jicho litaingia ukungu. Pengine nikifika umri wako nitatembea na mkongojo, pengine sitatembea. Haiambukizi. Kizazi hakina neno, daktari asema. Nakwambia kwa kinywa changu kwa sababu sitaki kuolewa kama kitambaa kilichokunjwa pale penye tundu. Na kesho alfajiri, miguu ikiwa mizuri au mibaya, nakwenda kazini. Ukiniona sifai, kula halwa, nenda kwa amani. Lakini usiniambie sifai kwa sababu ya maji haya."

Shangazi Tumu aliketi chini taratibu, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Swabaha," alisema. "Mwanangu. Nami nikakuchemsha?"

"Ulinipenda, Shangazi. Ila ulinipenda kwa moto."

Bi Badria alikuwa bado ananitazama. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka la Ijumaa.

"Nitasema kweli nami," alisema. "Nina mtoto mmoja. Mimi mwenyewe magoti yamekwisha. Nilikuja nikitafuta mkwe wa kunigeuza kitandani siku nikianguka. Sasa waniambia ni mimi nitakayekugeuza wewe?"

"Kugeuza mtu hakuhitaji nguvu, Mama. Kunahitaji shuka."

"Maneno ya hospitali."

"Lala nikuonyeshe."

"Nilale? Hapa? Mbele ya watu?"

"Ni wanawake watupu. Au waogopa kilema atakushinda?"

Wale wawili wakaguna. Sidi akaanza kukohoa kwa namna aliyokuwa akikohoa kila mara matroni alipokosea jina la mgonjwa. Na Bi Badria, ambaye nadhani hapakuwa na mtu aliyempa changamoto tangu mumewe afariki, akavua buibui, akalikunja, akalala chali kwenye mkeka wetu juu ya leso aliyotandikiwa na Sidi.

"Haya, mtaalamu. Uzito wote huu. Nione."

Barafu ilikuwa imefanya kazi yake. Niliweka viganja ukutani, nikasimama. Mguu wa kushoto ulivuta kidogo, nikauacha uvute. Nikapiga magoti upande mmoja, Sidi upande wa pili, kama tulivyofanya kila siku ya Mungu. Kunja mkono wa mgonjwa kifuani. Inua goti. Shika leso karibu na mwili, si mbali. Kisha hutumii mikono, unaegemea nyuma tu, uzito wako wenyewe ndio unaovuta.

"Bismillahi," nilisema.

"Bismillahi," Sidi akaitika.

Bi Badria alizunguka kama chapati. Tena tulikuwa tumezoea vitanda vyembamba, na mkeka ni mpana, hatukupima. Alizunguka mara moja, akapita ubavu, akaja kutua kifudifudi juu ya takia langu, kifua na tumbo juu ya jiwe zima la barafu.

Alipiga ukelele mmoja uliofika Makadara.

"Mama!" Mlango wa nje ukagongwa kwa nguvu. "Mama! Kuna nini humo?" Ilikuwa sauti ya Kamalu. Kumbe hakuondoka tangu adhuhuri; alikuwa amekaa barazani kwa jirani, akijifanya kusoma gazeti lililopinduka.

Sote tulimtazama Bi Badria. Shangazi ameziba uso. Wale wawili wanatafuta viatu. Bi Badria hakusogea. Alikuwa amelaza shavu kwenye gunia lililolowa, macho kafumba.

"Mama, tukuinue?" niliuliza.

"Asiniguse mtu," alisema. Akavuta pumzi ndefu. "Ya Rabi. Ya Rabi. Miaka yote hii najipepea kama mwendawazimu, usiku silali kwa joto la umri huu, nami nina mtoto ana barafu, hajapata kunifikiria hata kipande cha shingo." Akafumbua jicho moja, akanitazama nalo. "Nani alikufundisha?"

"Mwanao."

"Yeye alikufikiria?"

"Kila siku. Ndani ya kitambaa safi."

Jicho lile likabaki juu yangu muda mrefu. Ndipo pembe yake ikaanza kukunjana, na nikaona kicheko chake Kamalu kilitoka wapi: kilianza jichoni, kikachukua muda wake, na kilipofika mdomoni kililitikisa jiwe lote pamoja naye. Shangazi akaanza kucheka huku akilia. Sidi alikuwa amekaa chini kabisa. Hata wale wabeba habari walicheka, wakisahau walichokuja kubeba.

"Mama!" Mlango. "Niingie?"

"Huingii!" Bi Badria akafoka kutoka barafuni. "Nenda wewe," akaniambia. "Kaseme naye. Maneno yale yale uliyoniambia mimi, usipunguze hata moja. Na mwendo wako nitautazama kutokea hapa."

Nikaenda. Ukumbi wetu si mrefu, lakini hakuna njia niliyoitembea kwa fahari kama ile. Mguu ulivuta. Sikuuficha.

Niliufungua mlango kiasi cha kiganja. Nikamwona kipande kipande: jicho, unga wa msumeno kwenye nyusi, kidole kilichofungwa kitambaa. Alikuwa anahema.

"Mamangu amekufa?"

"Mamako hajawahi kuwa mzima kama leo. Kamalu, nisikilize, usinikatize. Lile joto nililokwambia hunichosha, si joto. Ni ugonjwa, na hauponi."

Nikamwambia yote. Jicho, mguu, mkongojo, hata ile aibu moja niliyomficha mamake. Niliposema hilo la mwisho nilitazama kizingiti. Hakukatiza. Nilipomaliza nikauhisi mlango mikononi mwangu, mzito, tayari kuufunga.

"Jina lake sikulijua," alisema. "Uzito wake niliujua. Siku ile ulipoinuka kwenye jiwe langu, hukuinuka kama mtu aliyechoka. Uliinuka kama mtu aliyerudishiwa kitu alichonyang'anywa."

"Na hukuuliza?"

"Nilingoja useme mwenyewe. Si wewe uliyesema malkia hainuki mpaka apende?" Jicho likaanza kucheka, kisha likaacha. "Swabaha, tangu utoto nauza kitu kinachoyeyuka. Mwenye nguo aweza kusema nitafungua kesho. Mwenye karafuu aweza kungoja bei. Mimi jiwe likitoka kiwandani sina kesho, nina mbio tu na furaha ya kufika nalo likiwa bado kubwa. Usinitishe kwa miaka ijayo. Leo u mzima kiasi gani?"

"Leo," nilisema, "leo nimemgeuza mamako."

"Umemfanya nini?"

"Muulize mahari!" Bi Badria alipaza sauti kutoka ndani. "Kamalu! Acha kunong'ona na watoto wa watu, muulize ataka mahari gani, nami nisikie!"

Desturi yataka wazee waseme. Lakini mwari ndiye mwenye mahari yake, hilo hata mwalimu wa chuo hatalipinga, na mimi kunyamaza sikupata kujua.

"Nataka takia," nilisema, kwa sauti ya kusikika ndani na nje. "Jiwe la barafu, kila siku ya kaskazi, maadamu wewe u hai na mimi ni hai. Na pasitokee mtu wa kuniachisha kazi, si wewe, si mamako. Miguu yangu itaniambia yenyewe, nami nitaisikiliza, kwa sababu hiyo ndiyo yenye haki."

"Mashehe watashangaa," Kamalu alisema.

"Washangae."

"Na kipande kije Bondeni!" ikatoka sauti ndani. "Kila usiku! Kiandikwe na hicho!"

Kamalu akainama. Aliponyanyuka alikuwa ameshika kipande cha barafu kilichobaki chini ya unga wa msumeno kwenye mkokoteni wake pale mlangoni, amekifunga katika kitambaa safi, vile vile kama vya wodini. Akakipitisha kwenye ule mwanya wa mlango bila vidole vyake kugusa vyangu.

"Hii arubuni ya mahari," alisema.

Nyuma yangu nilimsikia Shangazi Tumu akiingia chumba cha ndani, akaitoa ile sufuria ya mvuke, akaimwaga yote uani. Kisha nikamsikia akimwambia Sidi, kwa sauti ya chini ya mtu anayeanza chuo uzeeni, "Hebu nionyeshe, mwanangu. Yawekwa shingoni, au mgongoni?"

Nikasimama pale pale mlangoni, kwa miguu yangu miwili, mmoja mwaminifu na mmoja mkaidi, na barafu ikanidondokea hinani mpaka tone la mwisho. Sikuwa na haraka. Mwenye barafu alikuwa bado yuko upande wa pili, na alikuwa anacheka.